Sharti na Eneo Lake: Jinsi Rangi Zinavyojipaka Katika Majedwali ya Kompyuta

Nataka kuwaeleza wenzangu jambo moja la kompyuta ambalo wengi huliona likitendeka, lakini wachache huuliza latendekaje. Kila baada ya mtihani wa mwezi orodha ya alama hubandikwa ukutani karibu na ofisi ya taaluma, na alama nyingine zimepakwa rangi nyekundu, nyingine kijani. Nimewasikia wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wakisema kwamba Mwalimu hukesha akipaka rangi alama moja moja. Si kweli. Rangi hizo hujipaka zenyewe. Na kwa kuwa hujipaka zenyewe, yatupasa kujua zafuata amri gani. Maana wenye nyekundu ndio waitwao kwenye masomo ya jioni, na asiyeitwa hukaa bwenini akidhani yu salama.

Kwanza tujue jedwali lenyewe. Programu ya namna hii kwa Kiswahili huitwa lahajedwali. Ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979, kazi ya Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Sisi wakati huo tulikuwa mbali na mambo hayo, kwa sababu mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Excel, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za shuleni, ilitoka mwaka 1985. Lakini ufundi wa rangi ninaoueleza leo uliingia katika Excel ya 97, nao wakati huo haukukubali zaidi ya masharti matatu kwa mahali pamoja. Kikomo hicho kiliondolewa katika Excel ya 2007. Asiye na Excel asivunjike moyo: LibreOffice Calc hupatikana bure, na Google Sheets hufunguka hata katika simu, na karibu yote nitakayoyasema yanafaa huko pia.

Jedwali ni kama daftari la mahudhurio lililopigwa mistari. Safu zisimamazo zina herufi, A, B, C na kuendelea. Mistari ilalayo ina namba. Mahali safu na mstari vinapokutana ni kisanduku, na jina lake ni herufi na namba yake, kwa mfano D5. Visanduku vingi vilivyo pamoja huitwa eneo, nalo hutajwa kwa pembe zake mbili: ile ya juu kushoto na ile ya chini kulia. Ukiandika D5:L88 umetaja kila kilichomo kati ya pembe hizo.

Sasa tuchukue jedwali moja tulitumie mpaka mwisho. Tuseme kidato kina wanafunzi 84. Safu A ina namba zao, B majina, C bweni, na kuanzia D mpaka L ni masomo tisa, Hisabati likiwa la kwanza katika D. Mstari wa 3 una majina ya masomo, mstari wa 4 una alama ambayo mwalimu wa kila somo ameweka kuwa lengo, na mwanafunzi wa kwanza yupo mstari wa 5. Basi mwanafunzi wa mwisho yupo mstari wa 88, na eneo la alama ni D5:L88, yaani visanduku 756. Wote tunafahamu viwango vya Baraza la Mitihani kwa Kidato cha Nne: A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya 30 ni F.

Amri ya kupaka rangi kwa masharti ina mambo matatu tu: eneo, swali na rangi. Eneo huonyesha wapi pa kuuliza. Swali lazima liwe la kujibiwa ndiyo au siyo. Rangi hupakwa pale jibu linapokuwa ndiyo. Katika Excel, unachagua eneo kwa kipanya, unabonyeza kitufe kilichoandikwa Conditional Formatting katika ukurasa wa Home, unataka sharti jipya, kisha unachagua njia ya mwisho katika orodha, ile ya kutumia fomula. Ziko njia fupi zaidi, na mtu wa haraka ataziona, lakini mimi nashauri mwanafunzi aanze na fomula, kwa sababu fomula haifichi kitu. Tukitaka kila alama iliyo chini ya 30 iwe nyekundu, twaandika hivi:

=D5<30

Hapa ndipo watu wengi hukwama, nami nataka nikae hapa kidogo. Mtu huuliza: nimechagua visanduku 756, mbona nimeandika kimoja tu, D5? Je, vingine 755 vitajuaje? Jibu ni kwamba fomula hiyo huandikwa kama inavyosemwa na kisanduku cha kwanza cha eneo. Ni kama kiongozi wa paredi asemaye, "Kila mtu atazame aliye mbele yake." Hakumtaja mtu, lakini kila mmoja anajua amtazame nani, kwa kuhesabu kutoka pale alipo yeye. D5 akisema "nijitazame mimi, je, ni chini ya 30?", basi F20 naye husema vivyo hivyo juu yake mwenyewe, na L88 vivyo hivyo. Kompyuta husogeza fomula chini na kulia kwa kadiri kisanduku kilivyo mbali na kile cha kwanza.

Basi fikiri itakuwaje mtu akichagua eneo linaloanza mstari wa 5, lakini kwa haraka akaandika =D6<30. Kompyuta haitamkemea. D5 atatazama alama ya aliye chini yake, na aliye chini atatazama ya aliye chini zaidi, mpaka mwisho wa orodha. Rangi zitatokea, tena nzuri tu, lakini kila nyekundu imemkalia mtu aliye mstari mmoja juu ya mwenye haki nayo. Mwenye 80 ataitwa masomo ya jioni na mwenye 21 ataachwa. Ukipata orodha yenye rangi, usitazame rangi peke yake. Chukua wanafunzi wawili watatu usome namba zao.

Tena iko hila ndogo katika Excel. Kile kisanduku ambacho fomula inasema kwa niaba yake si lazima kiwe cha juu kushoto. Ni kile ulichoanzia kuvuta kipanya, ambacho hubaki cheupe wakati vingine vimetiwa kivuli. Ukianza kuchagua kutoka chini, L88, ukapanda mpaka D5, kisha ukaandika =D5<30, umemfanya L88 aseme maneno ya D5, na jedwali lote litachanganyikiwa. Kwa hiyo tuwe na mazoea ya kuanzia juu kushoto daima.

Tukiisha kuelewa kwamba fomula husogea, twaweza kuizuia isisogee pale tusipotaka. Kizuizi chake ni alama ya dola. Dola ikiwekwa mbele ya herufi, safu haisogei. Ikiwekwa mbele ya namba, mstari hausogei. Wengine hukariri jambo hili bila kulionja, na mtihanini husahau. Afadhali tulitazame katika jedwali letu.

Mwalimu wa Hisabati anataka jina zima la mwanafunzi, na bweni lake, na alama zake zote zipakwe rangi iwapo Hisabati ni chini ya 30. Eneo sasa ni A5:L88, na fomula ni =$D5<30. Safu imefungwa, kwa hiyo kisanduku cha jina, cha bweni na cha Historia vyote hutazama safu D. Mstari haukufungwa, kwa hiyo kila mwanafunzi hutazama alama yake mwenyewe. Mstari mzima huwa mwekundu kwa ajili ya somo moja.

Mwalimu wa taaluma yeye anataka jambo jingine: kila alama ilinganishwe na lengo la somo lake, lililoandikwa mstari wa 4. Eneo ni D5:L88 na fomula ni =D5<D$4. Hapa mstari wa 4 umefungwa, lakini safu iko huru, basi alama ya Kemia hutazama lengo la Kemia na ya Jiografia hutazama la Jiografia.

Na mtu akifunga vyote viwili, =$D$5<30? Visanduku vyote 756 vitamtazama mtu mmoja, yule wa kwanza katika orodha, katika Hisabati. Akifeli yeye, kidato kizima ni chekundu. Akifaulu, kidato kizima ni safi. Nimeona jedwali la namna hiyo, nao walioliona pamoja nami walidhani kompyuta ina ugonjwa.

Sasa nije kwenye eneo lenyewe, maana hapo ndipo yalipotupata mambo mwaka huu. Muhula ulipokuwa umekwisha kuanza tulipokea wenzetu watatu waliohamia kutoka shule nyingine. Majina yao yaliandikwa chini ya orodha, mstari wa 90, 91 na 92, na mstari wa 89 uliachwa wazi ili wageni waonekane. Lakini eneo la sharti lilibaki D5:L88 kama lilivyokuwa. Mmoja wa hao watatu, ambaye tunalala bweni moja, alipata 19 katika Hisabati. Alama yake ikabaki nyeupe kama ya mtu aliyefaulu. Majina ya masomo ya jioni yalipotolewa, yalitolewa kwa kufuata nyekundu, naye hakuwamo. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya tatu aliniuliza, "Mwenzangu, kwani hapa kwenu 19 ni alama ya kupita?" Mtihani uliofuata alipata 17. Ndipo alipokwenda mwenyewe kumwuliza Mwalimu, na Mwalimu akafungua jedwali, akaona.

Mimi nasema rafiki yangu huyo alifanya vizuri kuliko kompyuta. Sharti halijui idadi ya wanafunzi wala halijui kwamba fulani amehamia. Linajua pembe mbili ulizolipa, basi. Kisichokuwa ndani ya eneo hakiulizwi swali, na kisichoulizwa hubaki cheupe, na weupe wake hauna tofauti na weupe wa aliyeulizwa akajibu siyo. Hili ndilo jambo ninalotaka wasomaji walishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Nyekundu ni jibu. Nyeupe yaweza kuwa jibu, na yaweza kuwa kwamba hakuna aliyeuliza.

Dawa ziko. Ya kwanza ni kuongeza mtu mpya kwa kuingiza mstari katikati ya orodha, mahali popote kabla ya mwanafunzi wa mwisho. Mstari ukiingizwa ndani ya eneo, eneo hurefuka lenyewe. Kisha majina yapangwe upya kwa alfabeti. Ya pili ni kuigeuza orodha iwe kile ambacho Excel hukiita Table. Hapo, sharti lililoshika orodha nzima hufuata orodha inapokua. Ya tatu ni kurefusha eneo kwa mkono: unafungua Manage Rules, unachagua kuonyeshwa masharti ya ukurasa wote, na mbele ya kila sharti utakuta kisanduku kiitwacho Applies to. Humo ndimo eneo linamoandikwa, nawe waweza kulisahihisha. Ni kweli kwamba programu mara nyingine hujaribu kurefusha eneo yenyewe unapoandika chini yake, lakini hujaribu tu, wala si jambo la kutegemea.

Wako wasemao, kwa nini tusichague safu nzima, D mpaka L, kutoka juu mpaka chini, tupumzike? Excel ya siku hizi ina mistari 1,048,576. Jaribuni, mtaona bahari nyekundu kutoka mwanafunzi wa mwisho mpaka mwisho wa jedwali. Na sababu yake hutupeleka kwenye jambo jingine, ambalo lilionekana siku ile ile eneo letu liliporefushwa mpaka L92. Ule mstari wa 89, uliokuwa wazi, hauna jina wala alama, uligeuka mwekundu wote.

Kisanduku kitupu, kikiulizwa na fomula kama ni chini ya 30, hujibu ndiyo, kwa sababu kompyuta hukihesabu kuwa sifuri. Kwa mstari usio na mtu hilo ni jambo la kuchekesha. Lakini fikirini juu ya mwanafunzi aliyekuwa hospitali siku ya mtihani wa Baiolojia. Alama yake haipo. Kompyuta itampaka nyekundu kama aliyepata sifuri. Hakufeli, hakufanya.

Na wengine, ili kukwepa jambo hilo, huandika X katika kisanduku cha asiyefanya. Hapo hutokea ajabu kubwa zaidi. Kompyuta ina cheo cha vitu: namba ziko chini, na maneno yako juu ya namba zote. Kwa hiyo X ni kubwa kuliko 30, na ni kubwa kuliko 75, na ni kubwa hata kuliko 100. Ukiwa na sharti la pili lisemalo =D5>=75 iwe kijani, basi asiyefanya mtihani kabisa atapakwa rangi ya A. Kitupu kinamfelisha, X inamfaulisha kwa heshima zote. Na yeye yuko kitandani wodini, hana habari.

Vivyo hivyo namba ikiandikwa kama neno. Alama zikiletwa kutoka simu au kutoka ujumbe, huweza kuwa na nafasi tupu nyuma yake, na kompyuta ikaziona kuwa maneno. Kwa jicho ni 28. Kwa kompyuta ni neno, na neno ni kubwa kuliko 30, basi haiwi nyekundu. Alama kuu ya kuzitambua ni kwamba, kama hakuna aliyezipanga kwa mkono, namba za kweli hujisogeza upande wa kulia wa kisanduku, na maneno hukaa upande wa kushoto.

Dawa ya yote matatu ni kuuliza kwanza kama kilichomo ni namba, ndipo kuuliza ni ngapi:

=AND(ISNUMBER(D5),D5<30)

Maana yake: kiwe namba, tena kiwe chini ya 30. Kijani nacho kiandikwe =AND(ISNUMBER(D5),D5>=75). Katika kompyuta nyingine, kwa jinsi zilivyopangwa, mkato huo hutakiwa uwe nukta mkato. Lakini tusiishie hapo, maana sasa kitupu na X na namba ya uongo vyote vitabaki vyeupe, nasi tumekwisha kuona hatari ya weupe. Yafaa sharti la tatu, =NOT(ISNUMBER(D5)), kwa rangi ya manjano. Manjano haisemi amefeli wala amefaulu. Yasema: nenda ukaulize. Kwa maoni yangu, katika rangi zote tatu hii ndiyo yenye adabu.

Masharti yakiwa mengi katika eneo moja, utaratibu wake nao una maana. Tuseme nataka chini ya 45 iwe rangi ya machungwa na chini ya 30 iwe nyekundu. Mwenye 22 amejibu ndiyo kwa maswali yote mawili. Atapakwa ipi? Ile ya sharti lililo juu katika orodha ya masharti. Na Excel huliweka sharti jipya juu kabisa, kwa hiyo ukiandika nyekundu kwanza na machungwa baadaye, machungwa ndiyo itakayoshinda na nyekundu haitaonekana kabisa. Vipo vishale viwili vya kupandisha na kushusha, nyekundu ipandishwe. Kama sharti moja hupaka rangi na jingine hunenepesha herufi, hayagombani, yote mawili hutendeka.

Jambo la desimali ni dogo, lakini limewahi kuleta maneno. Katika safu M huwekwa wastani, na wastani huonyeshwa bila desimali. Mtu ana 29.6, kioo chaonyesha 30, na rangi ni nyekundu. Atakuja na orodha mkononi akilalamika kwamba 30 ni D. Sharti hutazama namba iliyomo, si ile inayoonyeshwa. Kama uamuzi wa shule ni kukaribisha alama, basi namba yenyewe ikaribishwe kwa ROUND ndani ya fomula ya wastani, siyo kwa kuficha desimali.

Adui mwingine wa eneo ni kukata na kubandika. Ukikata mstari wa mtu ukaubandika pengine, au ukinakili alama kutoka jedwali la mwalimu mwingine, unabeba na masharti yake. Baada ya mwezi mmoja lile eneo moja, D5:L88, limekuwa vipande: kimoja D5:L40, kingine D42:L61, kingine kisanduku kimoja peke yake, na kila kipande na sharti lake, na pengine mstari wa 41 hauna sharti lolote. Ukiletewa alama, zibandike kama namba tupu, kwa amri ya Values. Na kila baada ya mitihani fungua Manage Rules uone masharti ni mangapi. Yakiwa zaidi ya yale uliyoandika, yafute yote uyaandike upya. Ni kazi ya dakika kumi, na umeme ukiwapo ni raha.

Kwa kuhakiki iko hesabu rahisi. Chini ya safu ya Hisabati andika =COUNTIF(D5:D88,"<30"). Fomula hii huhesabu namba za kweli tu. Vitupu na maneno huviacha. Kisha chuja safu hiyo kwa rangi nyekundu, uhesabu zilizobaki. Idadi zikilingana, vema. Nyekundu zikizidi, kuna vitupu vilivyopakwa. Zikipungua, kuna watu wasioulizwa.

Nisingependa wasomaji wafikiri kwamba ufundi huu ni wa alama tu. Sisi wa klabu ya Jiografia tunautumia kwa kipima mvua kilichopo nyuma ya bustani. Dodoma hupata mvua ya wastani wa kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Lakini mkulima wa mtama au uwele haulizi jumla ya mwaka. Anauliza mvua ilikatika siku ngapi mfululizo, mche ukiwa bado mdogo. Wazee wa Ugogo hutaja bado ile njaa ya Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, ambapo ukame ulikutana na vita vilivyokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana.

Katika jedwali letu la mvua, safu A ina tarehe na safu B ina milimita. Desemba 1 ipo mstari wa 2, na Aprili 30, katika mwaka usio mrefu, ipo mstari wa 152, maana siku hizo ni 151. Twataka siku ipakwe rangi ikiwa yenyewe pamoja na tisa zilizoitangulia hazikufikisha hata milimita 1 kwa jumla. Eneo la kupaka huanzia B11, siku ya kumi, kwa sababu kabla yake hakuna siku kumi za kutazama. Eneo ni B11:B152, na fomula ni:

=AND(COUNT(B2:B11)=10,SUM(B2:B11)<1)

Angalieni kwamba hapa kuna maeneo mawili, na wengi huyachanganya. B11:B152 ni mahali pa kupaka rangi; halisogei. B2:B11 ni mahali ambapo kisanduku cha kwanza kinatazama, hilo husogea. B12 atatazama B3:B12, na B152 atatazama B143:B152. Kila siku hugeuka nyuma kuzitazama tisa zilizopita.

Na ile COUNT ina kazi yake. Huhesabu siku ngapi kati ya kumi zimeandikwa namba. Siku ambayo mvua haikunyesha huandikwa 0, na 0 ni namba. Siku ambayo hakuna aliyekwenda kusoma kipima huachwa tupu. Bila COUNT, Desemba kuanzia siku ya kumi ingejipaka rangi ya ukame, kumbe sisi tulikuwa likizo makwetu, wengine Kondoa, wengine Mpwapwa, wengine Manyoni, na huenda chombo kilijaa mvua mpaka ikamwagika. Kwa hiyo tumewaomba walinzi wawili wanaobaki shuleni wakati wa likizo wasome kipima kila siku saa tatu asubuhi na kuandika katika daftari, hata kama ni sifuri. Daftari lipo katika kabati la maabara ya Jiografia, na wa Kidato cha Pili watakaopenda kuingiza namba katika jedwali muhula ujao waje Jumamosi baada ya usafi.